Mtu wa Mkondo: namna ya kuitazama "Tokyo Drifter" ukiwa Texas



Deni ni deni, na hili nimelikawiza. Wale waliokuwa nyumbani kwangu Arlington Jumamosi ile wanakumbuka. Tulikuwa watu 9, wawili wametoka Houston, wameendesha maili 240 za I-45 kwa ajili ya pilau na mazungumzo, na mie baada ya chakula nikawawekea picha ya Kijapani, Tokyo Drifter, ya mwongozaji Seijun Suzuki, ya mwaka 1966. Ilipofika nusu, wanne walikuwa wameshahamia jikoni. Ilipokwisha, mzee wetu mmoja, ambaye amesomesha fasihi miaka mingi kuliko niliyokaa mimi Marekani, akavua miwani akasema: "Mwanangu, hii ni suti iliyopigwa pasi vizuri, ila ndani hamna mtu." Watu wakacheka, nami nikacheka, mambo yakaisha.

Kumbe hayakuisha. Saa sita usiku simu ikalia. Ni kijana mmoja kati ya waliobaki mpaka mwisho, ambaye muda wote hakutia neno. Hakuniamkia vizuri, akaingia moja kwa moja: "Kaka, hivi yule jamaa kwa nini hakumuua bosi wake?" Nikamjibu jibu la usingizi. Ndipo akanieleza ya kwake, na ameniruhusu niyaseme bila jina. Alipofika Texas alipokewa uwanja wa ndege na mtu wa kwao. Mtu huyo alimpa chumba miezi 7 bila kumdai hata senti, akamfundisha kuendesha gari, akamtafutia kazi ya kwanza. Siku moja akamwomba amwekee saini kwenye karatasi za mkopo, "ni jina tu, mdogo wangu." Akaweka. Yule bwana baadaye akahamia jimbo jingine, na mkopo ukabaki kwa kijana, anaulipa mpaka leo. Na kila Idi anampigia simu kumsalimia. "Sijui mie ni muungwana au ni mjinga," akasema.

Basi leo nina majibu mawili ya kutoa, la mzee na la kijana. Naona ni jibu moja, lakini njia yake ndefu kidogo, mnivumilie.

Tuanze na jina, maana sisi watu wa lugha hatuwezi kulipita jina. Kwa Kijapani picha inaitwa Tōkyō nagaremono. "Nagare" ni mtiririko, mkondo wa maji. "Mono" hapa ni mtu. Mtu anayechukuliwa na maji. Tumfasiri vipi? Nilijaribu "mzururaji," lakini neno hilo kwetu lina polisi ndani yake: aliyekuwa Dar es Salaam mwaka 1983 wakati wa Nguvu Kazi, watu wasio na kazi walipokuwa wakikamatwa na kurudishwa mashamba, hawezi kulisikia bila kugeuka nyuma. Nikajaribu "mhuni," na hapo nilikaribia zaidi. Mhuni wa zamani, kabla hajawa mtu wa tabia mbaya tu, alikuwa mtu wa kutangatanga, hana makao, hana jamaa wa kumjibia. Wajapani nao wana neno kama hilo kwa majambazi wao. Yakuza ni namba tatu, ya, ku, za, yaani 8, 9 na 3. Katika mchezo mmoja wa karata wa kwao ukishika namba hizo jumla inakuwa 20, na 20 huhesabiwa sifuri. Karata isiyo na thamani. Mhuni na yakuza wangeelewana bila mkalimani. Mwishowe nimeamua kumwita mtu wa mkondo. Aliye na fasiri bora atuletee.

Hadithi yenyewe ni fupi. Tetsu, anayechezwa na Tetsuya Watari, ni mtu wa genge lililovunjwa. Mkubwa wake, Mzee Kurata, ameamua kuachana na ujambazi, anataka kuishi kwa biashara halali, na Tetsu amemfuata kwenye toba hiyo kama mtoto anavyomfuata baba. Genge jingine, la Otsuka, linalimezea mate jengo la Kurata, ambalo lina deni. Hila zikapigwa, watu wakafa, na Tetsu akaona njia ya kumwokoa mkubwa wake ni yeye kujiondoa Tokyo, abebe lawama, awe mtu wa mkondo. Anaondoka anamwacha Chiharu, mwimbaji wa klabu anayempenda. Anakwenda kaskazini kwenye theluji, anashuka hadi Sasebo kusini, na kila anakofika anafuatwa na watu wa kumuua. Mwishoni anagundua kuwa Kurata mwenyewe, yule baba, amekubali auawe ili biashara ipone. Anarudi Tokyo kuwakabili. Ndiyo yote, dakika 80 na ushei.

Ukiisoma hivi ni hadithi ya kawaida kabisa, na hapo ndipo wanne wetu walipopotea. Maana Suzuki haisimulii hivi nilivyoisimulia. Picha inaanza kwa nyeusi na nyeupe kali hata nyeupe inaunguza macho, Tetsu anapigwa na watu wa Otsuka na hanyanyui mkono, kwa sababu ameahidi kuacha ugomvi. Kisha rangi zinaingia kama mtu aliyefungua dirisha. Tetsu amevaa suti ya buluu mpauko ambayo jambazi mwenye akili timamu hawezi kuivaa, maana inaonekana kutoka ng'ambo ya mji. Klabu anamoimba Chiharu ina kuta za njano. Mtu anakuwa Tokyo, ukipepesa macho yuko kwenye theluji, na hukuonyeshwa garimoshi wala kituo. Adui amekuja lini? Ametokea wapi? Hujibiwi. Na katikati ya hatari Tetsu anaimba, wimbo uleule, kila mara.

Mzee wangu aliuliza, kwa haki kabisa: viunganishi viko wapi?

Jibu la kwanza ni la kazi na fedha. Kampuni ya Nikkatsu, iliyoanzishwa mwaka 1912, ilikuwa kiwanda katika miaka ya 60. Ilikuwa na majumba ya sinema ya kulishwa, na majumba yalitaka picha mbili kwa tiketi moja: moja kubwa ya mastaa, na ya pili ya kujazia. Suzuki aliajiriwa na Nikkatsu mwaka 1954, akaanza kuongoza mwaka 1956, na kazi yake ilikuwa hizo za kujazia. Hakuchagua hadithi, aliletewa. Alipewa takriban siku 10 za kujiandaa, siku 25 za kupiga picha na siku 3 za kumalizia, basi, ijayo. Kufikia mwaka 1967 alikuwa ameshatengeneza 40. Sasa fikirieni mtu anayeletewa hadithi ileile mwaka baada ya mwaka: jambazi mwema, mkubwa msaliti, mwanamke anayelia. Watazamaji wameshaijua kabla hawajakata tiketi. Kuna haja gani ya kuwaonyesha garimoshi? Wanajua watu husafiri kwa garimoshi. Suzuki akaona siku zake 25 azitumie kwenye vitu ambavyo hadithi haijavisema.

Jibu la pili ni letu wenyewe. Tunayo sanaa inayokata viunganishi na hakuna anayeilalamikia, nayo ni shairi. Mshairi wa mizani 16, nane kwa nane, akiona "kwa sababu ya" inamzidishia, anaitupa. Msikilizaji anaruka shimo bila kujua ameruka, maana vina vinambeba. Kisha kila ubeti unarudi kwenye kibwagizo. Sasa irudieni picha kwa sikio hilo. Wimbo wa Tetsu ni kibwagizo. Tokyo, theluji, Sasebo, Tokyo tena, hizo ni beti. Rangi ndizo vina. Zile siku 25 ndiyo mizani, na mizani haikumzuia kusema, ilimfundisha pa kukata. Aliyezoea utenzi, ambako kisa kinakwenda hatua kwa hatua, ataona picha hii imevunjika. Aliyezoea shairi la kujibizana, ambako nusu ya maana mnaijua nyote kabla hamjakaa kitako, atastarehe.

Na rangi, jamani, tusijifanye hatuzijui. Mama zetu huchagua leso kabla hawajasema neno; anayeingia arusini amevaa leso fulani amekwisha kusema, na aliyekusudiwa amekwisha kusikia. Suzuki na msanifu wake wa mandhari, Takeo Kimura, walifanya hivyo. Otsuka ana miwani nyeusi na koti jekundu, na baada ya dakika chache huhitaji kumwona uso. Tetsu ni buluu mpauko, yaani mtu anayejaribu kuwa safi. Kenji, mtu wa mkondo mwenzake, aliyewahi kuwa wa genge la Otsuka akalikimbia, yeye ni kijani. Mapambano ya mwisho yanafanyika ndani ya klabu ambayo sasa yote ni nyeupe, sakafu, kuta, ngazi, na sanamu ya duara kubwa katikati. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani fedha za kupaka rangi ziliwaishia. Mara ya tatu ndipo nilipoona kuwa weupe ule ndio wa mwanzo, pale anapopigwa bila kujibu. Mwanzo alipigwa katika weupe kwa ajili ya mkubwa wake. Mwisho anarudi katika weupe kumkabili mkubwa huyohuyo. Picha imefunga mduara bila mtu yeyote kusema sentensi moja juu yake.

Wale waliohamia jikoni walikosa Sasebo, na kwa watu wa Fort Worth kuikosa Sasebo ni hasara. Sasebo ni mji wa bandari ambako jeshi la majini la Marekani lina kituo tangu baada ya Vita Kuu ya Pili. Ndani ya picha kuna baa pale iliyojengwa kama baa ya wachunga ng'ombe wa Texas, na ugomvi unazuka, mabaharia wa Kimarekani, majambazi wa Kijapani na wahudumu wa kike wote wanapigana, viti vinaruka, ukuta unaanguka, kila mtu anampiga aliye karibu. Ni mzaha mtupu. Lakini mkitoka hapo nendeni Stockyards, Fort Worth, saa tano na nusu ya asubuhi au saa kumi ya jioni, mkaone ng'ombe wa pembe ndefu wakipitishwa barabarani kwa ajili ya watalii, na wachungaji wamevaa kofia kama alizovaa babu wa babu yao. Nami nimesimama pale na watoto, nikajiuliza: yupi anamwigiza mwenzake? Wajapani walikuwa na jina kwa picha za Nikkatsu za namna hii, mukokuseki, maana yake zisizo na uraia. Bandari yoyote, baa yoyote, bastola ambazo Mjapani wa kawaida hajawahi kuzishika. Waliosema hivyo wengine walikuwa wanazikebehi. Mie, mtu mwenye pasipoti mbili za mawazo na moja ya karatasi, nilipolisikia neno hilo nilijihisi nimetajwa.

Hapa niongeze jambo la nyumbani. Kabla picha hazijaanza kusema, Wajapani walikuwa na benshi, mtu aliyesimama kando ya pazia akiwasimulia watazamaji yanayotokea, akiwatolea wahusika sauti, akitia na chumvi yake. Watu walikuwa wakienda kumsikia benshi fulani kuliko kuona picha fulani. Heigo, kaka yake mwongozaji mashuhuri Akira Kurosawa, alikuwa benshi, na sauti zilipoingia kazi ile ikafa. Kwao ilikufa, kwetu ikazaliwa upya. Nani asiyemjua Lufufu wa Dar es Salaam, na DJ Afro wa Kenya, na VJ Jingo wa Kampala? Mtu anatiwa kisu Hong Kong, na sauti inakwambia kwa Kiswahili cha mtaani kwamba huyu alikopa akakataa kulipa. Kwenye mabanda yale tulijifunza sheria: kuna staringi, kuna adui, na staringi hafi. Naamini Tokyo Drifter ingekaa vizuri sana mdomoni mwa Lufufu, kwa sababu ina mashimo mengi, na mashimo ndiyo chakula cha msimulizi. Kosa langu Jumamosi ile lilikuwa kuwawekea watu picha yenye maandishi chini, nikanyamaza kama niko maktaba.

Sasa nimrudie kijana.

Katika magenge yale mkubwa huitwa oyabun, na neno hilo limebeba mzazi. Mdogo huitwa kobun, limebeba mtoto. Hufungana kwa kunywa kikombe cha sake, na baada ya hapo mdogo ana deni. Wajapani wana maneno mawili ambayo picha zao nyingi za majambazi zinayazungukia. Giri ni wajibu unaotokana na fadhila uliyotendewa, deni la heshima. Ninjō ni moyo wa mtu, huruma na mapenzi yake. Staringi wa picha za zamani hupasuka katikati: giri inamtuma akaue, ninjō inamzuia, mwishowe giri inashinda naye anakufa akiwa msafi. Watazamaji hulia, huenda nyumbani wakiwa wamethibitishiwa kuwa utii ni mzuri hata ukiua.

Suzuki aliichukua hadithi hiyo akauliza swali moja tu: je, kama baba ni mwongo? Kenji anamwonya Tetsu njiani, kwamba wakubwa wote ni wamoja, watakuuza. Tetsu hataki kusikia. Anakasirika zaidi kwa onyo hilo kuliko alivyokasirika kwa kupigwa. Hapo, mzee wangu, ndipo alipo yule mtu uliyesema hayumo ndani ya suti. Ni mtu ambaye hana kitu kingine duniani isipokuwa utii wake, na akigundua kuwa utii huo umewekwa mahali pasipostahili, hatabaki na chochote zaidi ya suti. Wimbo anaouimba kila mara si majigambo. Anaimba kama mtu anayepita makaburini usiku.

Sisi tuna msemo kwamba asante ya punda ni mateke, na siku zote tunamtupia mdogo: nilimlea, nikamsomesha, akanipiga mateke. Sikumbuki kusikia mtu akimtupia mkubwa. Lakini mkubwa naye hupokea fadhila. Miaka ya utumishi, jina lililowekwa kwenye karatasi, ukimya mbele ya watu, hizo zote ni fadhila alizotendewa. Tetsu alimpa Kurata ujana wake, na Kurata akamlipa teke. Picha hii ya kujazia, ya siku 25, imeona upande wa msemo ambao sisi wenye lugha yetu hatukuugeuza.

Kwa nini basi hakumuua? Katika ukumbi ule mweupe Tetsu anawamaliza watu wa upande wa Otsuka, lakini Kurata hamgusi. Mzee anabaki peke yake na aibu yake, na anajitoa uhai mwenyewe. Chiharu anamwomba Tetsu wabaki pamoja. Anakataa, anatoka, anarudi mkondoni. Nadhani hakumuua kwa sababu kumuua kungekuwa bado ni kumtumikia, bado maisha yake yangekuwa yanamzunguka Kurata. Alichofanya ni kufunga hesabu. Baada ya hapo hana baba, na pia hana adui. Ni uhuru, lakini tusijidanganye, ni uhuru wa baridi. Amemwacha hata mwanamke ambaye hakumkosea chochote. Hapo Suzuki hampigii makofi staringi wake, nami simpigii.

Lililonifanya niiheshimu picha hii zaidi ni yaliyompata mwongozaji mwenyewe, maana yanafanana na hadithi kama vile iliandikwa kumhusu. Wakubwa wa Nikkatsu hawakupendezwa na vitimbi vyake. Picha zake 2 zilizofuata, Fighting Elegy ya 1966 na Branded to Kill ya 1967, zilitoka kwa nyeusi na nyeupe. Hiyo ya pili, juu ya muuaji wa kukodiwa anayelewa harufu ya wali unaochemka, ndiyo iliyomwagia maji moto. Rais wa kampuni, Kyusaku Hori, alisema picha za Suzuki hazieleweki na haziingizi fedha, na mwaka 1968 akamfukuza. Miaka 14 ya utumishi, picha 40. Kikundi kimoja cha wapenzi wa sinema kilipotaka kuonyesha kazi zake, kampuni ikakataa kutoa kanda, wanafunzi wakaingia barabarani.

Suzuki hakumsamehe Kurata wake kimyakimya, na wala hakutafuta bastola. Alikwenda mahakamani. Kesi ilichukua zaidi ya miaka 3. Mwaka 1971 wakapatana, akalipwa yen milioni 1, akaombwa radhi, na Nikkatsu ikakabidhi kanda za zile picha 2 za mwisho kwa hifadhi ya sinema ya taifa. Bei aliyolipa ilikuwa kubwa, kwa sababu kampuni nyingine nazo zilimfungia milango, na hakuongoza tena picha ya sinema mpaka mwaka 1977. Mwaka 1980 alitoa Zigeunerweisen. Walipokosa majumba ya kuionyesha waliionyesha ndani ya hema la kuhamahama, na ikaja kuwa miongoni mwa picha za Kijapani zilizosifiwa sana mwaka ule. Alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 93. Wakati huo Nikkatsu ilikuwa inauza kwa fahari zile picha alizofukuzwa kwa ajili yake. Huku Marekani, Jim Jarmusch alishachukua mbinu za mauaji za Branded to Kill akazitia kwenye Ghost Dog ya 1999, na Damien Chazelle ameitaja Tokyo Drifter miongoni mwa zilizomlisha alipotengeneza La La Land ya 2016. Ukikumbuka rangi za nguo na kuta za La La Land, utaona suti ya buluu mpauko imepita hapo.

Kwa atakayependa kujaribu, ushauri wangu ni huu. Msiitazame kwenye simu, rangi zinakufa. Kampuni ya Criterion imetoa nakala safi, na maktaba nyingi za miji yetu huazimisha diski zao. Ukiweza, ngoja ionyeshwe ukumbini. Kwa Dallas, Texas Theatre iliyoko Oak Cliff, ilifunguliwa mwaka 1931, ndimo alimokamatwa Lee Harvey Oswald tarehe 22 Novemba 1963, na leo inaonyesha sinema za zamani kwa mapenzi makubwa. Fort Worth kuna ukumbi ndani ya jumba la sanaa za kisasa. Houston kuna jumba la makumbusho ya sanaa lenye programu yake ya sinema, na kuna River Oaks, ya mwaka 1939, ambayo ilifungwa mwaka 2021 tukadhani tumeizika, ikafunguliwa tena mwaka 2024. Mara ya kwanza msifuate kisa kabisa. Fuateni rangi na wimbo. Mara ya pili kisa kitawafuata chenyewe. Na muwe na mtu wa kuwatilia maneno, mcheke, mgombane. Picha hii haikutengenezwa itazamwe kwa adabu.

Mzee wangu nilimwandikia haya mapema, kwa heshima zote. Alinijibu kwa mstari mmoja: kwamba shairi lisilo na viunganishi analikubali, ila kibwagizo kilikuwa kingi mno, na kwamba Jumamosi ijayo tumwekee tena, lakini pilau ije baada ya picha.

Kijana nilimpigia. Nilimwambia kwamba salamu za Idi aendelee nazo akitaka, ile miezi 7 ilikuwa ya kweli na hakuna anayeweza kuifuta. Lakini salamu ni salamu, na mkopo ni mkopo, visiwekwe kwenye kikombe kimoja. Nikampa namba ya mwanasheria. Kukaa kimya kwa jina la heshima ndivyo alivyofanya Tetsu picha nzima, na tuliona alikofika. Akanyamaza muda, kisha akauliza: "Na akiniambia kwamba nimemlipa teke?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia Suzuki naye aliambiwa.

Jana amenitumia ujumbe kuwa ameweka miadi, Alhamisi. Nitakuwa naye.

Hayo ndiyo yangu kwa leo. Samahani kwa kuwachosha, na penye kosa nisahihishwe.

Wasalaam.